Haki kwa Njia ya Mawimbi

Serikali, baada ya kutafakari kwa muda mrefu na kwa gharama kubwa, ilitangaza kwamba wanyonge wote wa ufuko wa Ziwa Mweru wangeanza kupata haki siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi, mara tu baada ya wimbo wa taifa. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa halmashauri hapo Nchelenge na kwenye ukuta wa soko la samaki la Kashikishi. Nakala moja ilipelekwa Chienge, ambako upepo uliichukua kabla gundi haijakauka. Tangazo lilisema kwamba zama za mtu maskini kufunga safari hadi mjini kumtafuta wakili zimekwisha. Kuanzia sasa wakili atamfuata maskini alipo, kwa njia ya mawimbi.

Hilo neno mawimbi lilileta usumbufu kidogo. Wavuvi walifurika ofisini na habari za mitumbwi iliyopinduka, wakidhani serikali hatimaye imeamua kulichukulia ziwa hatua. Patson Kasonde aliwapokea kwa upole akawaeleza kwamba mawimbi yanayozungumziwa ni ya redio, nayo hayana maji. Wavuvi waliondoka wakinung'unika. Lakini kuridhika kwa wananchi hakukuwa sehemu ya mradi katika awamu hiyo.

Patson alikuwa Mratibu wa Wilaya wa Upanuzi wa Haki kwa Makundi ya Pembezoni kwa Njia ya Mawimbi ya Redio. Cheo hicho, kilipopakwa rangi mlangoni, kilishuka kikafika kwenye kitasa. Kabla ya hapo alikuwa msimamizi wa vyoo vya soko, kazi aliyoifanya kwa uaminifu na ambayo hakupenda itajwe. Mwaka huu wa tisini na tisa ulikuwa umemwinua. Alinunua tai. Alianza kusema "kimsingi" hata nyumbani, anapoomba chumvi.

Chombo chenyewe kilikuwa redio ya mawasiliano, pana kama begi la safari, iliyounganishwa na paneli ya jua juu ya bati. Wakongomani waliovuka ziwa kukimbia vita waliitazama dirishani wakasema, kumbe ni foni tu, maana kwao kila mfanyabiashara wa samaki alikuwa anaongea na mwenzake kwa chombo cha namna hiyo. Patson hakupenda neno foni. Nje ukutani palifungwa spika kubwa, kwa sababu wafadhili walitaka uwazi, na fundi aliulizwa uwazi unapatikanaje akasema kwa spika. Upande wa pili, ofisini Lusaka, alikaa wakili mmoja mwanamke aitwaye Chipego. Alikuwa amesoma sheria Dar es Salaam, hivyo alijua Kiswahili. Patson aliona hiyo ni sifa isiyo na madhara.

Kazi ngumu ilikuwa kumpata mnyonge. Naibu Waziri angekuja kuzindua, na hotuba yake ilikwishachapishwa: angempa mkono mnufaika wa kwanza wa mradi. Patson akaunda Kamati ya Kubaini Wanyonge. Wakongomani waliondolewa mapema, kwa hoja kwamba unyonge wao ulitoka nje ya nchi na haukulipiwa ushuru wa forodha. Waliobaki walichujwa mmoja mmoja. Mjane fulani alikuwa na cherehani, akaanguka. Kiwete mmoja alijibu maswali kwa kujiamini mno. Mwishoni kamati ilimchagua mzee Jairos, aliyekuwa amenyang'anywa shamba na mpwa wake na ambaye, katika mahojiano yote, hakuinua macho. Kamati ilivutiwa sana.

Alhamisi mchana fundi alimaliza kufunga mitambo, akaijaribu, akasikika vizuri Lusaka, akaenda Kashikishi kula samaki. Mlango akauacha wazi.

Hapo ndipo alipoingia Florent. Alikuwa kijana wa Kikongomani mbeba magunia ya chisense, dagaa wakavu wa ziwa lile, pale sokoni. Alikuwa amesikia kwamba kuna foni inayoongea na mawakili. Katikati ya chumba alikuta kiti kilichoandikwa kwa chokaa kwamba ni cha mnyonge. Florent alikisoma, akajitazama, akakaa. Kisha akabonyeza kitufe cha kipaza sauti, akasema haloo.

Patson alipotoka kukagua hema la sherehe alisikia sauti ya wakili ikitoka ukutani: "Endelea, Florent, nakusikia vizuri. Umesema mlivuka ziwa lini? Ova."

Ova ni neno la redio la kumpisha mwenzako aseme, lakini Patson aliingia mbio, akazima.

"Unafanya nini hapa?"

"Mi niko nasaidiwa, shefu," Florent akasema.

"Nani amekuruhusu kusaidiwa?"

"Kiti banaandika ni ya munyonge. Njo mi ile, munyonge."

"Mradi haujazinduliwa," Patson akasema. "Hapa hakuna msaada hadi kesho saa nne."

"Lakini ule mama avoka, wakili, alikuwa naitika."

"Aliitika kimakosa."

Florent akauliza kama anaweza kurudi kesho. Patson alikuwa karibu kusema ndiyo, mara akaiona hatari. Kama kijana huyu tayari amesaidiwa, hata nusu, basi Jairos kesho atakuwa mnufaika wa pili. Hotuba ya Naibu Waziri ilisema wa kwanza. Hotuba haiwezi kubadilishwa na Patson, ilhali Florent anaweza kubadilishwa mahali. Isitoshe, kijana akiachwa aende sokoni atasimulia kila mtu jinsi alivyoongea na Lusaka, na kesho asubuhi nusu ya Kashikishi itakuwa imekaa kwenye kile kiti. Patson akamshika mkono kwa ustaarabu, akamwongoza hadi stoo ya halmashauri nyuma ya ofisi, palipowekwa nyavu haramu zilizokamatwa na mabati ya zamani, akafunga kufuli, akatia ufunguo mfukoni. Alijisikia kama mtu aliyezima moto mdogo kabla haujaonekana.

Jioni jua likiwa bado juu ya ziwa alikuja dada yake Florent. Aliitwa Ngalula, mwanamke mrefu mwenye kikwembe kilichopauka kiunoni, mchuuzi wa samaki. Mkononi alishika sahani ya bukari, ugali wa kwao, iliyofunikwa. Patson, aliyejifunza Kiswahili cha soko enzi za vyoo, alimkaribisha kizingitini asiingie zaidi.

"Shefu, minatafuta ndugu yangu. Banasema beko namufunga hapa."

"Hajafungwa, mama. Amehifadhiwa."

"Kuhifadhiwa ni nini?"

"Ni kuwekwa mahali salama hadi atakapohitajika."

"Anaweza kutoka?"

"Hapana."

"Basi iko mu buloko."

"Buloko ni ya polisi," Patson akafafanua. "Hii ni stoo ya halmashauri. Kimsingi ni idara tofauti kabisa."

Ngalula akahamishia sahani mkono wa pili. "Na alikosa nini?"

"Alinufaika kabla ya wakati."

Mama huyo hakuuliza tena juu ya hilo. Aliuliza atatoka lini. Patson akamweleza kwamba Jumatatu kijana atakabidhiwa kwa watu wa uhamiaji, maana kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya redio ya serikali, amekiri kwamba alivuka ziwa bila karatasi.

"Batamurudisha ng'ambo?"

"Hilo litaamuliwa na ofisi nyingine. Sisi hapa tunashughulika na haki tu."

Ngalula aliweka sahani chini. Alisema taratibu, bila kupandisha sauti, kwamba kule ng'ambo basoda, wanajeshi, walimchukua kaka yao mkubwa mbele ya mlango, asubuhi, akiwa anapiga mswaki. Mupaka leo hawajui kama iko muzima. Yeye na Florent walivuka kwa sababu Florent ndiye angefuata kuchukuliwa. "Akirudi kule, shefu, ni kusema mimi nabakia peke."

Patson alihisi kitu kinamkaza chini ya mbavu. Alifikiri kidogo akaamua kwamba ni njaa. Akamruhusu kupitisha bukari kwenye dirisha la stoo, kisha akarudi kupanga viti.

Ijumaa saa nne ilifika, na haki ikamngoja Naibu Waziri. Hema lilijaa. Watoto wa shule waliimba nyimbo zao zote, wakazirudia. Afisa wa polisi wa wilaya alikaa mstari wa mbele na kofia magotini. Muzungu wa wafadhili alikaa pembeni yake akijipepea kwa ratiba. Karibu na saa sita vumbi lilionekana barabarani, na wakati huohuo Ennie, mpiga chapa wa ofisi, alimvuta Patson kando.

"Ba Patson, mzee Jairos amefika."

"Mungu ni mwema."

"Nenda umwone kwanza, mukwai," Ennie akasema kwa adabu ya Kibemba.

Jairos alisimama mlangoni ndani ya suti ya bluu yenye kizibao, aliyoazimwa na mkwe wake mwalimu wa Kafutuma. Alikuwa amenyoa. Alikuwa amevaa miwani. Tangu jina lake litangazwe kama mnyonge rasmi wa wilaya, watu walikuwa wakimpisha njiani na kumnunulia bia, ndugu waliopotea walikuwa wamejitokeza, na mpwa wake, kwa woga, alikuwa amemrudishia shamba. Sasa aliinua macho yote mawili akamtazama Patson kama mkaguzi wa mahesabu.

"Nianzie wapi kuongea?" akauliza.

Patson aliona mara moja kwamba haiwezekani. Wakisimama pamoja, Naibu Waziri ndiye angeonekana wa kusaidiwa.

"Yupo mwingine pale kwenye uzio," Ennie akasema. "Yupo tangu asubuhi."

Patson akatazama. Alikuwa Ngalula.

"Yule ni mgeni. Kamati ilikwishaamua."

"Ba Patson, unyonge wake unaonekana kutoka barabarani. Na gari lile linakata kona."

Hivyo Ngalula akaingizwa kwa mlango wa nyuma. Patson alimpa maelekezo kwa haraka. Akae kwenye kiti. Abonyeze hapa. Aulize, "Je, sheria ni nini?" Wakili atajibu kwa ufupi, yeye atasema asante, watu watapiga makofi.

"Na ndugu yangu?"

"Litajadiliwa baada ya neno la shukrani."

"Sawa, shefu," akasema Ngalula.

Alikubali haraka, na mtu mwingine angejiuliza kwa nini. Lakini waliowahi kukubaliana na Patson haraka walikuwa wachache maishani mwake, naye hakutaka kuanza kuwashuku.

Naibu Waziri alihutubia kwa Kizungu na kwa Kibemba. Alisema mnyonge wa mkoa wa Luapula hatakuwa tena mbali na sheria. Nyuma ya jukwaa, kutoka stoo, kitu kikagonga bati. Alisema sheria itamfikia alipo. Bati likagongwa tena, mara nyingi.

"Ni nini hicho?" Naibu Waziri akanong'ona.

"Ni betri zinachaji, mheshimiwa."

Naibu Waziri akaitikia kwa kichwa kama mtu ambaye angesema vivyo hivyo, akaendelea.

Hatimaye Ngalula akaketi kwenye kiti cha mnyonge, kilichokuwa kimetolewa pamoja na redio hadi jukwaani. Kipaza sauti alikishika kwa mkono mmoja bila kukitazama. Kwao Kilwa, ile ya ng'ambo ya ziwa, alikuwa amepanga biashara ya samaki kwa foni tangu usichana.

"Lusaka, Lusaka, hapa Nchelenge. Munanisikia? Ova."

"Nchelenge, nakusikia vizuri sana, mama," sauti ya Chipego ikajibu kutoka ukutani, ikasikika hadi barabarani. "Sema. Ova."

Patson, amesimama pembeni akitabasamu kwa ajili ya picha, alimwonyesha kwa midomo: je, she-ri-a.

"Banasema niulize sheria ni nini," Ngalula akasema. "Ile nitauliza siku ingine. Mi nauliza juu ya Florent, ndugu yangu. Jana alikuya hapa kuongea na weye. Bakamufunga mu stoo, hapa nyuma ya kiti ya minister. Tunakimbia vita, na banasema batamurudisha kule kule."

Hakuachia kitufe. Naibu Waziri, ambaye kwao Kiswahili hakikufika, alimwinamia Patson. "Anasema nini?"

"Anaishukuru serikali, mheshimiwa."

"Ameshukuru kwa urefu."

"Wakongomani ni watu wa shukrani."

Kule kwenye uzio watu wa soko walianza kucheka. Naibu Waziri akacheka nao, akadhani ni furaha ya mradi. Ngalula akasema ova, akaachia.

Chipego akarudi. "Mama, huyo Florent ndiye kijana aliyekatika jana katikati ya sentensi? Nilimngoja hadi ofisi ikafungwa. Nani amemfunga? Ova."

"Ni huyu shefu wa tai. Iko nasimama karibu yangu. Ova."

"Na sasa?" Naibu Waziri akauliza.

"Anamsifu mratibu," Patson akasema kwa sauti iliyoanza kukauka.

Chipego akageuza lugha, akasema kwa Kizungu, polepole, kila neno likishuka kutoka kwenye spika: "Mheshimiwa Naibu Waziri, nimesikia tafsiri uliyopewa mwanzoni, maana kitufe kilikuwa kimebonyezwa. Mama huyu hajashukuru. Anasema kuna mtu amefungiwa kwenye stoo nyuma yako. Je, afisa wa polisi yupo hapo? Ova."

Afisa wa polisi alisimama wima, kwa sababu sauti ilikuwa ya Kizungu na ilitoka juu. Ngalula akamnyooshea kipaza sauti.

"Nipo, madam. Ova."

"Umemkamata mtu yeyote aitwaye Florent? Ova."

"Hapana, madam. Ova."

"Basi polisi hawajamkamata, wala mahakama haijamfunga. Mtu huyo yuko stoo kwa amri ya nani na kwa sheria ipi? Ova."

Ngalula akageuza kipaza sauti, akakielekeza kwa Patson. Patson hakuwahi kukosa maneno tangu apate tai. Yalikuwepo mengi, aliyahisi, lakini hakuna lililokubali kutangulia. "Kuna hitilafu za kimitambo," akasema mwishowe, akanyoosha mkono kwenye swichi.

"Hapana, hapana, iacheni," muzungu wa wafadhili akasema. Alikuwa ameacha kujipepea. Alikuwa akiandika kwa furaha kubwa. Tangu aanze kufadhili miradi, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuona chombo kinafanya kile kilichoandikwa kwenye maombi.

Afisa wa polisi alimfuata Patson akafungua kiganja mbele yake. Patson akatoa ufunguo mfukoni mbele ya hema zima. Kufuli likafunguliwa, na Florent akatoka, ana vipande vya nyavu nywelini na harufu ya stoo nzima. Hakuna aliyepiga makofi. Ngalula aliinuka, akamsogelea, akamfuta uso kwa pindo la kikwembe, kwanza shavu hili, kisha lile, akichukua muda wake kana kwamba waziri na kamati yake hawapo. "Ulikula ile bukari?" akamwuliza. Florent akasema alikula.

Kutoka ukutani Chipego alikuwa bado anaongea, safari hii na polisi. Alisema kijana huyu ameomba hifadhi kwa sababu ya vita, ameiomba jana kwa kinywa chake mbele ya redio ya serikali, na mtu aliyeomba hifadhi harudishwi kabla hajasikilizwa. Afisa ahakikishe watu wa uhamiaji wanalijua hilo. Afisa akasema ndiyo madam, akapiga saluti kwenye spika.

Hapo Naibu Waziri akaonyesha kwa nini yeye ni Naibu Waziri na wengine si kitu. Alishuka jukwaani, akaupata mkono wa Florent, akaushika, akageukia kamera. "Mnufaika wa kwanza," akatangaza. Kwaya ikaanza kuimba. Patson alipumua. Utaratibu ulikuwa umepinda kidogo, lakini mkono umepewa, na hotuba haikuhitaji kubadilishwa.

Aliitwa kwenye gari wakati wa kuaga. Kioo kilishushwa hadi puani.

"Kasonde, kesi hii ni nzuri."

"Ipi, mheshimiwa?"

"Ya yule kijana dhidi yako. Ya kumfungia mtu bila mamlaka. Yule muzungu ameipenda mno. Anataka mradi uwe umeshinda kesi kabla ya ripoti ya mwaka."

"Lakini mheshimiwa, kimsingi mshitakiwa ni mimi."

"Na mratibu ni wewe. Kwa hiyo ratibu."

"Nikishinda je?"

"Ukishinda wewe, mradi umeshindwa." Kioo kilianza kupanda. "Usituangushe."

Watu wa uhamiaji walikuja Jumatatu, wakakuta afisa wa polisi amewahi, wakamwandikisha Florent na dada yake kama waomba hifadhi. Patson, kwa upande wake, alianza kazi ngumu kuliko zote alizowahi kuifanyia serikali. Kila siku ya kliniki ya sheria alifungua ofisi, akapangusa kiti, akaita Lusaka, akahakikisha mshitaki wake anasikika vizuri, akamwachia chumba. Utaratibu, ambao yeye mwenyewe aliuandika, ulitaka mteja aongee na wakili faraghani. Utaratibu uleule ulitaka spika isizimwe. Hivyo Patson alikaa nje kwenye benchi pamoja na foleni, akasikiliza jinsi atakavyoshindwa.

Foleni ilikuwa inakua. Akina mama wa Kashikishi walikuja, na wavuvi, na yule mjane wa cherehani, na Wakongomani ambao sasa hakuna aliyewauliza unyonge wao umetoka wapi. Mzee Jairos alikuja kila mara, ndani ya suti, si kwa shida yoyote bali kuwashauri wengine namna ya kukaa kwenye kiti. Wote walisikia kila kitu. Patson alikuwa akisalimiwa vizuri kuliko zamani, kwa upole ambao watu huuweka kwa ajili ya wagonjwa.

Siku moja, foleni ilipokwisha, alikaa mwenyewe kwenye kiti. Akaeleza kwamba anahitaji wakili.

"Pole sana, ba Patson," Chipego akasema. "Siwezi. Tayari namtetea mwenzako. Ova."

"Hakuna mwingine? Ova."

"Wako mawakili mjini. Itabidi usafiri. Ova."

Gari la halmashauri halikuwa na mafuta tangu uzinduzi. Patson aliandika wizarani kuomba msaada, akajibiwa kwamba wasio wanyonge watafikiriwa katika awamu ya pili, ambayo bado inatafutiwa mfadhili. Alirudi nyumbani akakaa mlangoni akitazama ziwa hadi mke wake alipomwita mara kadhaa. Alikuwa anaogopa. Alitafuta neno jingine la kuliita jambo hilo, kama alivyozoea, lakini alikuwa amechoka, akaliacha hivyo.

Kesi ilipokaribia kutajwa mahakamani, Chipego alimwuliza Florent anataka nini hasa. Anaweza kudai fidia. Anaweza kuomba mtu huyo afungwe. Spika ilinguruma, na benchi zima likageuka kumtazama Patson, kisha, kwa heshima, likatazama pembeni.

"Kumufunga, hapana," sauti ya Florent ikasema. "Mi najua kufungwa. Minataka aseme. Kwa kinywa yake, mu hii foni, bantu basikie. Aseme ile alifanya. Kiisha tuachane. Ova."

Ngalula akatoka mlangoni. "Shefu, banakuita."

Patson alinyoosha tai akaingia. Florent alikuwa amesimama kando ya kiti, akampisha. Patson akakaa. Kiti kilikuwa kifupi kuliko alivyodhani alipokuwa akikipangusa. Nje foleni ilikuwa imekuja hadi dirishani, suti ya Jairos mbele, na Ennie aliacha mashine yake ya kuchapa akasimama mlangoni.

"Nchelenge, nakusikiliza," Chipego akasema. "Ova."

Patson akabonyeza. "Kimsingi," akaanza, "katika muktadha wa uhifadhi wa muda wa wanufaika watarajiwa, na kwa kuzingatia ratiba ya uzinduzi, ofisi ilichukua hatua za awali za kiutawala ambazo, kwa tathmini ya baadaye, huenda zilipokelewa na mhusika kwa namna ambayo..."

Aliendelea kwa muda mrefu. Watu walimsubiri, kama unavyosubiri ng'ombe wavuke barabara. Mwishowe pumzi zikamwishia, akaachia kitufe.

"Ba Patson," Chipego akauliza, na sauti yake haikuwa na ukali wowote, "ulimfungia mtu stoo? Ova."

Patson alimtazama Ngalula. Ngalula hakumsaidia, wala hakumcheka. Alimwelekeza tu kidole kwenye kitufe.

"Ndiyo," Patson akasema. "Nilimfungia. Hakuwa na kosa. Ova."

Lusaka wakajibu kwamba siku zote za mradi hawajawahi kumsikia vizuri namna hiyo.